Troyes, Mji Uliokuzwa na Magulio

Dhahabu ya Geita haiuzwi kwa kilo. Bei inayotangazwa duniani ni ya aunsi, na aunsi yenyewe ni ya troy, yenye gramu 31.1 na ushei. Wengi waliochunguza historia ya vipimo wanasema jina hilo lilitoka Troyes, mji wa mashariki mwa Ufaransa ambao wenyewe huutamka "Trua". Huko, miaka mia nane iliyopita, wafanyabiashara wa Ulaya walikutana kila mwaka wakiwa na lugha mbalimbali, sarafu mbalimbali na mizani mbalimbali, na bado wakauziana. Mimi ni mtu wa Mwanza. Habari za dhahabu nimezisikia tangu utotoni. Kwa hiyo mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma uhandisi katika chuo kikuu cha teknolojia cha Troyes na kuniambia kwenye simu, "Mjomba, usiishie Paris, panda treni uje huku," sikuhitaji kubembelezwa.

Treni inaondokea stesheni ya Gare de l'Est jijini Paris, na kwa muda wa saa moja na nusu hivi inakatiza mashamba tambarare ya ngano na viazi sukari. Stesheni ya Troyes iko ukingoni mwa mji wa kale. Unavuka barabara pana iliyochukua nafasi ya ukuta wa ngome uliobomolewa karne ya 19, unapinda kona moja au mbili, na tayari umo katikati ya nyumba za mbao zilizoinamiana juu ya njia.

Mji wa kale ukiutazama kwenye ramani una umbo la kizibo cha chupa ya shampeni, na wenyeji hawachoki kumwonyesha mgeni jambo hilo. Kichwa cha kizibo, upande wa mashariki, kimezungukwa na maji ya mto Seine. Hapo Warumi walikuwa na mji wao wa Augustobona, na hapo ndipo alipokaa askofu. Mapokeo yanasema mwaka 451, Attila na jeshi lake la Wahunni walipokuwa wakiipita Gaul kwa moto na upanga, Askofu Loup alitoka nje ya mji kwenda kuzungumza naye, na mji ukasalimika. Sehemu ya magharibi, yaani mwili wa kizibo, ilikua baadaye. Hiyo haikujengwa na askofu wala jemadari. Ilijengwa na magulio.

Katika karne ya 12 na sehemu kubwa ya karne ya 13, Champagne, eneo ulimo mji wa Troyes, haikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa moja kwa moja. Ilikuwa na makabaila wake, na aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Henri, aliyetawala kuanzia 1152 hadi 1181, ambaye watu walimwita Henri Mkarimu. Yeye, na wenzake waliomtangulia na waliomfuata, walielewa kwamba mfanyabiashara ukimpora unakula mara moja, ukimlinda unakula kila mwaka. Walichimba mifereji ya kuingiza maji ya Seine mjini kwa ajili ya vinu, watengeneza ngozi na watia rangi vitambaa. Walijenga hospitali. Juu ya yote, waliwahakikishia wageni usalama, wao na mali zao, wakiwa njiani na wakiwa sokoni.

Magulio makubwa yalikuwa sita kwa mwaka, nayo yalihama kutoka mji hadi mji: Lagny mwezi Januari, Bar-sur-Aube wakati wa Kwaresima, Provins mwezi Mei, Troyes wakati wa kiangazi, Provins tena mwezi Septemba, halafu Troyes kwa mara ya pili, Novemba na Desemba. Watu wa Troyes waliliita lile la kiangazi gulio la joto na lile la mwisho wa mwaka gulio la baridi. Kila moja lilichukua wiki kadhaa, hivyo karibu mwaka mzima palikuwa na soko wazi mahali fulani Champagne. Watu wa Flanders walikuja na vitambaa vyao vya sufu, na Waitalia wa Genoa, Siena, Lucca na Florence wakaja na hariri, viungo na fedha.

Mtu anaweza kudhani ilikuwa vurugu tupu. Haikuwa hivyo. Siku za kwanza ziliachwa kwa ajili ya kuingiza mizigo na kupanga maghala. Zikaja siku za vitambaa. Zilipokwisha, askari wa gulio walipita wakipaza sauti, "Hare! Hare!", na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuuza kitambaa. Zikaja siku za ngozi, huku vitu vya kupimwa kwa mizani navyo vikiendelea kuuzwa: pilipili manga, mdalasini, tangawizi, nta, dawa za kutia rangi. Pilipili manga hiyo ilitoka Malabar, ikavuka bahari yetu ya Hindi hadi Aden, ikapita Misri, ikanunuliwa Aleksandria na Waitalia, kisha ikapandishwa milima ya Alps migongoni mwa nyumbu. Karne hiyohiyo ya 13, Kilwa nayo ilikuwa ikitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Huwa nafurahi kufikiri kwamba kwa mbali kabisa, kwa kupitia mikono ya watu wengi wasiojuana, pwani yetu na Troyes zilikuwa kwenye mnyororo mmoja wa biashara.

Siku za mwisho za gulio zilikuwa za malipo, na hapo ndipo akili ya mfumo ule ilipoonekana. Aliyenunua vitambaa wiki ya pili hakulazimika kulipa siku ileile, kwani deni liliandikwa. Mwishoni watu walikaa mbele ya wabadili fedha, madeni yakapambanishwa, anayedai hapa akadaiwa pale, na kilichobaki tu ndicho kilicholipwa kwa sarafu. Mtu aliweza hata kuahidi kulipa kwenye gulio la mji mwingine miezi mitatu mbele. Mikataba ilipigwa muhuri wa wasimamizi wa magulio, maofisa walioteuliwa na mtawala. Mdeni akikimbia, wasimamizi waliwaandikia wakubwa wa mji wake, hata kama mji huo uko Italia, wakidai alipe. Mji ukimkingia kifua, wafanyabiashara wote wa mji huo walifungiwa magulio ya Champagne. Hebu fikiria shinikizo hilo: mtu mmoja wa Siena asipolipa, Wasiena wote wanakosa soko. Bila shaka ndugu zake walimfuata nyumbani usiku. Mwaka 1209 mfalme Philippe Auguste naye aliwapa wafanyabiashara hao ulinzi wa kupita katika nchi yake wakati wa kwenda na kurudi magulioni.

Nilitumia asubuhi nzima kutafuta mabaki ya hayo yote, na kwa macho si mengi yaliyosalia. Vibanda vilikuwa vya mbao na turubai, vimekwenda. Kasri la makabaila halipo, na kanisa walilozikwa lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kilichobaki ni mpangilio wa mitaa na majina yake. Upo uwanja wa Marché au Pain, yaani soko la mikate, na upo mtaa wa Monnaie, mtaa wa sarafu. Njia zote upande huu wa magharibi zinakimbilia kwenye viwanja vidogo ambavyo ukivipima kwa macho unaona vilikusudiwa watu kusimama na bidhaa, mikokoteni ikipita kando. Leo kuna meza za mikahawa. Mpwa wangu aliniuliza kwa nini nasimama pale muda mrefu hivyo ilhali hapana kitu cha kutazama. Nikamwambia nahesabu njia za kuingilia.

Magulio yalikufa polepole, na sababu zake zinaeleweka. Mwaka 1277 merikebu za Genoa zilianza kuzunguka kwa bahari kupitia Gibraltar hadi Flanders, na safari ya nchi kavu ikapoteza faida. Waitalia wakaanza kutengeneza vitambaa vizuri wao wenyewe, na nyumba kubwa za biashara zikaweka mawakala wa kudumu Paris na Bruges badala ya kutuma watu gulioni. Lakini yapo pia yaliyofanywa na watawala. Mwaka 1284 Jeanne, mrithi wa Champagne, aliolewa na Philippe, ambaye mwaka uliofuata akawa mfalme Philippe wa Nne, na eneo likaingia mikononi mwa ufalme. Philippe alipigana na Flanders, walikotoka wauzaji wa vitambaa, na aliwakamua kwa kodi Waitalia, waliokuwa wanunuzi. Kwa miaka mia na zaidi wageni walikuja Troyes kwa sababu palikuwa na mtu aliyewalinda dhidi ya mikono ya wakubwa. Sasa mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaingilia mifukoni. Mpaka kufikia miaka ya 1320 magulio yalikuwa kivuli cha yale ya zamani.

Si haki kuusifu ulinzi ule bila kueleza nani hakuufaidi. Miaka mingi kabla ya siku za Henri Mkarimu, Troyes ilikuwa na jumuiya ndogo ya Wayahudi, na mwaka 1040 alizaliwa humo Rabi Shlomo Yitzhaki, ambaye dunia inamfahamu kama Rashi. Akasoma Ujerumani, katika shule za Mainz na Worms, akarudi nyumbani, akafundisha, akafariki hapohapo mwaka 1105. Fafanuzi zake za Biblia ya Kiebrania na za Talmudi ya Babeli ndizo ambazo mpaka leo mwanafunzi wa Kiyahudi, awe Yerusalemu, New York au Casablanca, huanza nazo. Kitabu cha kwanza cha Kiebrania kilichochapwa kikiwa na tarehe, mwaka 1475 huko Italia, kilikuwa ufafanuzi wake wa Torati. Jambo gumu la Kiebrania lilipomshinda mwanafunzi, Rashi aliliandika kwa Kifaransa cha mtaani, kwa herufi za Kiebrania, na kwa hiyo wachunguzi wa Kifaransa cha karne ya 11 leo wanapekua vitabu vya rabi kujua wahunzi, wakulima na washonaji wa Champagne waliviitaje vitu vyao. Nilifika mtaa wa Brunneval, ilipo sinagogi na taasisi inayobeba jina lake, ndani ya nyumba za mbao zilizokarabatiwa vizuri sana.

Kisha mwaka 1288, katika mji huohuo, Wayahudi 13 walichomwa moto hadharani, wakisingiziwa kumuua Mkristo. Mwaka 1306 mfalme Philippe akawafukuza Wayahudi wote nchini na kutwaa mali zao. Nilikuwa nimekwisha kuupenda mji nilipoyasoma haya, na nikakaa kwenye benchi kwa muda bila hamu ya kwenda popote. Haitoshi kusema zilikuwa zama za giza. Watu waliokuwa na akili ya kubuni mikataba iliyoheshimika kutoka Flanders hadi Siena walijua vizuri ushahidi ni nini na uwongo ni nini.

Nikanyanyuka nikaenda Saint-Urbain, kanisa ninalolipenda kuliko yote ya Troyes. Mwishoni mwa karne ya 12 palikuwa na fundi viatu mjini humo, jina lake la ukoo Pantaléon, aliyekuwa na mtoto aitwaye Jacques. Jacques alisoma, akawa padri, akawa askofu wa Verdun, akawa Patriarka wa Yerusalemu, na mwaka 1261 akachaguliwa kuwa Papa Urbano wa Nne. Mwaka uliofuata aliamuru kanisa lijengwe Troyes, mahali palipokuwa na karakana ya baba yake. Kwa Wakatoliki wa Tanzania jina hilo liko karibu kuliko wanavyodhani: ni Papa huyo aliyeanzisha, mwaka 1264, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa zima. Yale maandamano ya Ekaristi niliyotembea utotoni kwenye parokia yetu, tukitandaza maua barabarani na kugeuza kanga za mama zetu kuwa mapambo, yalipata amri yake kutoka kwa mtoto wa fundi viatu wa Troyes.

Papa hakuliona kanisa lake, maana alifariki mwaka huohuo wa 1264. Na ujenzi ukaingia balaa. Kiwanja kilikuwa chini ya mamlaka ya watawa wa kike wa Notre-Dame-aux-Nonnains, abasia kongwe yenye haki nyingi mjini, nao hawakukubali kunyang'anywa. Mwaka 1266 mama mkuu wao alikuja na watawa na wafuasi, wakavunja milango na kuipindua altare. Waliadhibiwa kwa kutengwa na Kanisa. Kazi iliendelea kwa kusuasua, na sehemu ya magharibi haikukamilika mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani, ukisimama karibu na altare, huoni kuta. Wajenzi wa miaka ya 1260 walithubutu kupunguza mawe mpaka yakabaki kama fito nyembamba, na nafasi yote iliyobaki wakaijaza vioo vya rangi. Upo pia mchongo wa Bikira Maria ambaye Mtoto wake ameshika kichala cha zabibu, zao la mkoa. Uso wa Maria unatabasamu kidogo upande mmoja tu wa midomo.

Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo liko upande wa pili wa mfereji. Lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 13 na kuendelea hadi karne ya 17. Mnara wa Petro ulikamilika. Wa Paulo haukuwahi kujengwa, na mpaka leo kanisa linasimama na bega moja juu. Lina eneo la vioo vya rangi la mita za mraba 1,500 hivi, vya karne ya 13 kwenye sehemu ya altare na vya miaka ya 1500 kwenye ukumbi mkubwa, na ukitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine unaona mikono ya mafundi ikibadilika, kutoka vipande vidogovidogo vya buluu na nyekundu nzito hadi picha kubwa zenye watu, nguo na mandhari. Katika kikanisa cha pembeni upande wa kaskazini nilikaa mbele ya dirisha la Linard Gontier la mwaka 1625. Kristo amelala chini ya shinikizo la kukamulia zabibu. Kutoka kifuani mwake unaota mzabibu, matawi yanapanda juu, na kwenye kila tawi ameketi mtume. Damu inatiririka hadi kwenye kikombe. Wakulima wa Champagne waliokamua zabibu kila vuli hawakuhitaji mhubiri wa kuwafafanulia.

Katika kanisa hilohilo, tarehe 21 Mei 1420, uliwekwa saini Mkataba wa Troyes. Mfalme wa Ufaransa, Charles wa Sita, alikuwa mgonjwa wa akili. Kwa mkataba huo mwanawe wa kiume aliondolewa kwenye urithi, na kiti cha ufalme kikaahidiwa Henry wa Tano wa Uingereza, ambaye siku chache baadaye alimwoa binti wa mfalme, Catherine, mjini humohumo. Henry alifariki mwaka 1422, wiki chache kabla ya mkwewe, bila kuvaa taji aliloahidiwa. Mwezi Julai 1429 yule mwana aliyeenguliwa alifika mbele ya malango ya Troyes akiwa na msichana mpiganaji, Jeanne d'Arc. Mji uligoma kufungua. Jeanne akaanza kuandaa mashambulizi, watu wa mji wakafikiri tena, malango yakafunguliwa, na siku chache baadaye mfalme alitawazwa Reims. Watu huwa wanaikumbuka Troyes kwa mkataba ule kuliko kwa jambo lingine lolote. Naona wanaipunja.

Nyumba za mbao ambazo wageni wengi huzifuata si za enzi za magulio. Mwezi Mei 1524 moto ulianzia kwenye nyumba ya muuza dawa, ukala sehemu kubwa ya mtaa wa biashara, nyumba kwa mamia. Mji ulikuwa na fedha, lakini mawe mazuri ya kujengea yalikuwa haba na ya gharama kubwa, huku misitu ya mialoni ikiwa karibu. Wakajenga upya kwa mbao, kwenye mistari ileile ya mitaa ya kale. Seremala alikata fremu nzima chini, akaiwekea alama, kisha akaisimamisha na kuifunga kwa vigingi vya mbao bila msumari. Katikati ya boriti walijaza fito na udongo uliokandwa na majani makavu, sawasawa na tunavyokandika nyumba kwetu Usukuma. Niligusa ukuta mmoja ambao lipu ilikuwa imebanduka, nikauona udongo wenyewe na mabua ndani yake, nikamwonyesha mpwa wangu. Akacheka: "Mjomba, umekuja mpaka Ulaya kutazama nyumba ya bibi?" Nikamwambia ya bibi haina ghorofa tatu.

Ghorofa zinatokeza nje, kila moja ikizidi ile ya chini yake, kwa sababu ardhi ilikuwa ghali na anga ilikuwa ya bure. Kwenye Ruelle des Chats, kichochoro cha paka, mapaa yanakaribiana kiasi kwamba paka anaweza kuruka kutoka paa moja hadi lingine. Chini mtu mmoja anapita vizuri, wawili wanapishana kwa adabu. Nyumba hizi zilifunikwa lipu kwa karne nyingi, na katikati ya karne ya 20 mtaa ulikuwa umechakaa, wengine wakitaka ubomolewe. Kuanzia miaka ya 1960 ukaanza ukarabati mkubwa. Boriti zikafunuliwa, kuta zikapakwa rangi za njano, waridi, kijani na nyekundu ya matofali. Uokoaji huo ulifanywa na watu walioishi hapa, waliojua thamani ya kitu ambacho wengine walikiona kama uchafu.

Pitia pia Sainte-Madeleine, kanisa kongwe kuliko mengine ya mji. Kati ya 1508 na 1517 Jean Gailde alijenga humo kizuizi cha mawe kinachotenganisha altare na waumini, kikining'inia kutoka nguzo hadi nguzo bila kitu chini yake, kimechongwa kama lesi. Watu walisema kitaanguka. Gailde akazikwa chini yake, na maandishi ya kaburi lake yakatangaza kwamba anangoja ufufuko bila hofu ya kupondwa. Mpaka sasa hakijaanguka.

Mahali pengine pa Troyes nisipopasahau ni jumba la Mauroy. Lilijengwa na familia tajiri karne ya 16, likaachiwa kuwa makao ya yatima, na yatima walifundishwa kazi za mikono. Mwaka 1745 ziliingizwa humo mashine za kufuma soksi ili watoto wajifunze. Kutokana na hizo, mji uliowahi kuuza vitambaa vya wengine ukageuka kuwa mji wa kufuma. Katika karne ya 19 na ya 20 viwanda vya soksi, fulana na chupi vilienea kila upande. Petit Bateau, nguo za watoto zinazojulikana kote Ufaransa, zilianza Troyes mwaka 1893. Fulana za Lacoste, zenye mamba kifuani, zilianza mwaka 1933 wakati mcheza tenisi René Lacoste alipoungana na André Gillier, mwenye kiwanda cha Troyes. Tangu miaka ya 1970 ushindani wa nchi za mishahara midogo uliua viwanda vingi, na majumba marefu ya matofali mekundu nje ya mji wa kale yamegeuzwa kuwa makazi. Lakini viwanda kadhaa bado vinafanya kazi, na maduka ya kuuzia mabaki ya kiwanda kwa bei nafuu yanajaza mabasi ya wateja kutoka Paris. Mpwa wangu anakodi chumba kwa mama mmoja mzee aliyekaa kwenye mashine ya kufumia miaka yake yote ya kazi. Aliishika sweta yangu, akaigeuza ndani nje, akaupitisha mshono wa bega kati ya vidole, akatingisha kichwa. Haikumridhisha.

Leo jumba la Mauroy ni Maison de l'Outil, makumbusho ya zana za kazi yaliyofunguliwa mwaka 1974 chini ya chama cha mafundi cha Compagnons du Devoir. Zana zaidi ya 10,000 zimepangwa ndani ya kabati za vioo kama samaki kwenye maji: nyundo za wahunzi, randa, patasi, miiko ya waashi, sindano za watengeneza matandiko ya farasi. Hakuna maelezo mengi. Zana zinaachwa ziseme. Nilisimama mbele ya shoka moja la seremala ambalo mpini wake ulikuwa umelika mahali pawili, pa mkono wa kulia na pa mkono wa kushoto, na bonde la kushoto lilikuwa na kina kuliko la kulia. Mtu huyo alikuwa wa mashoto. Jina lake halikuandikwa, lakini jinsi alivyokishika chombo chake inaonekana mpaka leo.

Tulikula sokoni, kwenye jengo la chuma la karne ya 19 linaloitwa Halles. Chakula cha Troyes ni andouillette, soseji ya utumbo wa nguruwe uliokatwa vipande virefu na kutiwa kitunguu na pilipili manga. Harufu yake ni kali na asiyekula nguruwe apite mbali. Mimi niliimaliza, na haradali. Jibini la Chaource, linalotoka kijiji cha jirani, laini katikati na gumu kidogo ukingoni, linamfaa kila mtu.

Anayetaka kwenda asiende Jumatatu, siku ambayo maduka mengi ya mji wa kale hufungwa. Alale huko, asiende na kurudi Paris siku hiyohiyo kama wafanyavyo wengi. Asubuhi aingie Saint-Urbain, jua likiwa upande wa altare. Hospitali ya zamani iliyoanzishwa na Henri Mkarimu sasa ina makumbusho ya vioo vya rangi, na ndani yake chumba cha dawa cha karne ya 18 chenye makasha ya mbao yaliyochorwa picha ya kila dawa iliyomo. Na kama kwenu kuna fundi, seremala au mwashi, anayefikiri makumbusho si ya watu kama yeye, mchukue huyo kwanza umpeleke Maison de l'Outil. Kanisa kuu linaweza kumsubiri hadi mchana.